Karatasi ya Vyumba Vinne

Gitega, Jumamosi, 14 Machi 1998

Shangazi yangu mpendwa Zaituni,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai Houssein atakuwa ameifikisha barua hii bila kuikunja mara kumi kama ile ya mwisho, na kwamba imekukuta mzima wewe na binti zako, Raissa na Latifa. Sisi huku hatujambo. Ujauzito wa Kulthumu umeingia mwezi wa nne, hawezi kunusa kitunguu bila kutoka mbio nje, kwa hiyo mpishi wa nyumba sasa ni mimi, na wageni wetu wamepungua sana. Nyumba ina unyevu kwa mvua hizi, lakini paa bado linashika.

Shangazi, kuna jambo nataka unisaidie. Shirika moja la misaada lilituita watu thelathini hapa mjini kwa mafunzo ya biashara. Unajua tangu nirudi kutoka Kigoma sijapata kazi ya kueleweka, nikasema heri niende, angalau chai ya saa nne ipo. Lakini nilichokikuta huko kimenifungua macho. Mwalimu alichora mraba mkubwa ubaoni, akaukata katikati kwa msalaba, vikawa vyumba vinne. Viwili vya juu ni vya mambo ya ndani ya biashara: nguvu yako, na udhaifu wako. Viwili vya chini ni vya mambo ya nje: nafasi zinazokungoja, na hatari zinazokunyemelea. Akasema biashara nyingi hazifi kwa kukosa wateja, zinakufa kwa sababu mwenyewe hajui amesimama wapi.

Ili tupewe cheti, kila mmoja lazima apime biashara moja ya kweli. Wengine wanapima vibanda vya sigara. Mimi nimeichagua atelye yako, karakana ile ya baiskeli, kwa sababu ndiyo niliyoishi ndani yake miaka miwili na ndiyo iliyonilisha. Karatasi yenye vyumba vinne nimeiambatanisha. Ijaze kwa mkono wako, kwa lugha yako mwenyewe, wala usinifiche lolote. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ukijaza chumba cha udhaifu kwa ukweli, pengine nitapata dawa.

Mwanao anayekukumbuka,
Husni


Muyinga, 12 Aprili 1998

Mwanangu Husni,

Waalaikum salaam warahmatullah. Sisi tuko wazima. Idi ya kuchinja tumechinja jogoo, tukamwomba radhi Nabii Ibrahimu. Latifa ameng'oka jino, Raissa amenipita urefu na sasa ananiangalia kutoka juu kama mkaguzi. Mwambie Kulthumu aweke ndimu puani, na wewe usimpikie maharage yale uliyokuwa ukitupikia hapa, tunamtaka mtoto azaliwe salama.

Karatasi yako nimeipata. Nilipoiona nikasema, huyu mtoto kaniletea mchezo wa watoto wa kurukaruka uwanjani. Lakini nimekaa nayo siku tatu, na kusema kweli si mchezo.

Chumba cha nguvu ni rahisi. Nguvu yetu ni foku, mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele. Wewe umeona mwenyewe: baiskeli yenye foku ya dukani, mbebeshe mtu mikungu sita ya ndizi, aanze kushuka mlima, foku inapinda kabla hajafika chini. Zetu tunazitengeneza kwa springi za malori, na hazijampindia mtu tangu Athumani yuko hai. Mtu akiona pete mbili nyeupe zimepakwa kwenye foku, haulizi tena, anapakia. Na nguvu yenyewe ni mikono ya Matata. Miaka kumi na moja anachomelea chuma hapa, Athumani alimfundisha kazi na kumfundisha dini, na tangu mume wangu atutoke, Matata ndiye mlango wa nyumba hii.

Chumba cha udhaifu ndicho kilichonichelewesha. Nimeandika, nimefuta, halafu nikasema namwandikia nani, si mtoto wa kaka yangu? Basi udhaifu ni huyohuyo Matata. Atelye nzima imesimama juu ya mtu mmoja, na mtu huyo moyo wake hauko hapa. Kwao ni Mutaho. Mwezi uliopita alikuwa anakula, akaweka chini kijiko akaniambia: "Mama, mi nitakufaga huku na watu ya kwetu hawatajua hata kaburi iko wapi. Nikipataga ka nafasi kadogo Mutaho, hata mlango moja tu ya kazi, mi narudi." Nilimcheka, nikamwongezea mchuzi. Lakini sikulala vizuri wiki ile. Hili sijamwambia hata Raissa.

Nafasi: petroli haipatikani tangu majirani watufungie mipaka, malori yamelala, kila kitu sasa kinapanda baiskeli. Siku ya soko la Gashoho utafikiri ni mashindano. Na wanakuja watu kutoka mpaka Mutaho na Ryansoro huko kwenu, siku mbili njiani, kwa ajili ya foku tu, maana huko hakuna fundi wa kazi hii. Ningekuwa mwanamume mwenye miguu miwili mizima ningefungua mlango wa pili hukohuko.

Hatari: njia. Na siasa siandiki. Barua hii inapita barieri nne za askari njiani, na kwenye kila barieri kuna mtu anayejua kusoma.

Shangazi yako anayekuombea,
Zaituni


Gitega, 9 Mei 1998

Shangazi mpendwa,

Assalaam alaikum. Tuko wazima, Alhamdulillah. Kulthumu amerudiana na kitunguu. Ndimu ilisaidia, anakushukuru.

Karatasi yako imekuwa ya kwanza katika watu thelathini! Mwalimu aliisoma mbele ya wote, bila kutaja jina lako, akasema hajawahi kuona mfanyabiashara anayejijua namna hiyo. Nilijisikia fahari kana kwamba nimeiandika mimi. Aliiomba ibaki ofisini kwao, nikakataa. Iko ndani ya sanduku langu na cheti changu.

Sasa ametupa kipimo kingine, kinaitwa nguvu tano. Unaiweka biashara yako katikati, halafu unatazama pande zote nani anaisukuma: washindani ulio nao tayari, wanaoweza kuingia kesho, wanaokuuzia vifaa, wanaonunua kwako, na kitu kingine kabisa kinachoweza kuwafanya watu wasikuhitaji tena. Nijazie na hiki. Hasa kwa wanaokuuzia, andika majina na mahali, maana mwalimu anasema hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Springi kwa mfano, siku hizi unazipata kwa nani?

Na Matata, kwao ni upande gani wa Mutaho? Nauliza tu kwa sababu nina rafiki anayekwenda huko mara kwa mara, anaweza kumpelekea mama yake salamu, akapunguza hamu.

Mwanao,
Husni


Muyinga, 30 Mei 1998

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Hongera kwa cheti. Kitundike ukutani, siyo sandukuni, panya nao wanapenda elimu. Sisi hatujambo ila Latifa ana kikohozi, nampa asali.

Nguvu tano zako hizi hapa. Washindani: yuko mmoja karibu na soko, anachomelea kwa haraka na kuomba Mungu kwa muda mrefu. Simhesabu. Wanaoniuzia: minyororo na mipira ni Asgarali wa Gitega, tangu enzi za Athumani, hajawahi kunipa kibovu hata siku moja. Springi ananikusanyia Mahmudu wa gereji ya Gashoho, anazitoa kwenye malori yaliyokufa, na malori yaliyokufa miaka hii hayakosekani. Wanaonunua: wabeba ndizi, wabeba maharage, watu ambao baiskeli ikivunjika nyumba nzima inalala njaa, ndiyo maana hawajaribu vitu vya rahisi. Kitu kingine cha kuchukua nafasi yetu: malori, siku mipaka ikifunguliwa. Hilo ni kweli, nimeliwekea mstari.

Wanaoweza kuingia. Hapo nimecheka peke yangu mpaka Raissa akaja kuniangalia. Mtu akitaka kuingia katika kazi hii, lazima ajue springi zinatoka kwa nani, ajue Matata moyo wake unataka nini, na ajue kwamba Mutaho wanalilia foku. Wanaoyajua hayo yote matatu ni watu wawili duniani, mimi na wewe. Kwa hiyo nimeandika: hakuna.

Mama yake Matata anakaa nyuma ya soko la Mutaho, nyumba yenye mlango wa kijani. Rafiki yako Mungu ambariki.

Shangazi yako,
Zaituni


Muyinga, 19 Julai 1998

Mwanangu Husni,

Assalaam alaikum. Natumai mko wazima na Kulthumu anaendelea vizuri, siku zake zimekaribia. Sisi Maulidi tumeyasoma, ila sikuwa na moyo. Nimekuandikia tarehe tatu hukujibu, labda barua ilibaki njiani.

Matata amepotea. Tarehe ishirini Juni alipata habari kwamba mama yake anaumwa. Akanijia asubuhi amevaa kanzu safi, akasema: "Mama, mi naenda siku kumi tu. Ile foku ya mzee Rahil iko tayari, we uipake rangi." Nikampa sukari ya kumpelekea mgonjwa. Siku kumi zimepita, ishirini zimepita, leo ni karibu mwezi. Houssein anasema wiki ileile kulikuwa na jambo njiani upande wenu, basi moja halikufika. Hataki kunieleza zaidi, nami sitaki aandike.

Husni, naomba uende Mutaho, au umtume huyo rafiki yako. Nyumba yenye mlango wa kijani. Ulizia hospitali, ulizia kambi ya waliokimbia, na ikibidi uliza kwa wale wanaoandika majina ya waliookotwa. Atelye nimeifunga nusu mlango. Watu wanakuja, wanachungulia, wanarudi. Lakini kwanza si atelye, nataka kujua kama ni mzima. Kila baiskeli ikipiga kengele nje, nasimama.

Jibu haraka.
Shangazi yako


Gitega, 16 Agosti 1998

Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Furahi, shangazi! Tarehe tisa Kulthumu amejifungua salama mtoto wa kike. Ana kidole gumba kirefu kama cha marehemu baba. Tumekubaliana kumwita Zaituni. Kulthumu alisema mtu aliyeniokota mimi niliporudi kutoka Kigoma na shati moja, akanilisha sahani moja na watoto wake, basi jina lake ndilo liingie nyumba hii kwanza. Akika tumefanya ndogo tu, kwa hali ilivyo.

Kuhusu Matata, nimeulizia. Sikupata habari ya kushika mkononi. Unajua nyakati tulizo nazo, shangazi, watu wanaondoka hawaonekani tena, na wengine wanaonekana baada ya mwaka. Nadhani ni vizuri usijiumize kwa kungoja. Tumwombee dua.

Barua ya tarehe tatu sikuipata.

Mwanao,
Husni


Muyinga, 11 Oktoba 1998

Husni,

Waalaikum salaam. Sisi ni wazima wa mwili. Mtoto nimemtumia kitambaa cha kubebea, Houssein anacho. Huyo hana kosa.

Baada ya barua yako ya Agosti nilitoa mchele wa akiba, nikawaita wazee wanane wa msikiti, tukamsomea Matata hitima. Raissa alilia mpaka akavimba macho. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya watu nikawaomba waliokuwa na neno juu yake wamsamehe.

Wiki iliyopita Asgarali kaniletea furushi la mipira, na ndani yake kijikaratasi cha mkono wake, kimejaa adabu kama kawaida yake: "Hongera, Bibi Zaituni, kwa tawi jipya la Mutaho. Nimeziona pete zako mbili kwenye baiskeli iliyosimama mlangoni kwangu. Mke wangu Roshan anakusalimu." Nikakisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Nikadhani mzee amechanganya watu. Nikamwomba Houssein, kwa haki ya chumvi, afike Mutaho mwenyewe atazame. Alirudi juzi. Kabla hajakaa akaanza:

"Mama, iko mzima. Nimemuona na macho yangu. Iko na atelye karibu ya soko, milango mbili, na Husni ndiyo patron, ndiyo mwenye kazi. Na Matata amesema hivi, nimwambie mama asante sana vile alikubali. Amesema Husni alimwambia: shangazi amekubali, ni tawi yake, we baki tu huku karibu na mama yako. Amesema anakutumiaga salamu kila wiki kwa Husni. Ye alifikiri unazipata."

Kila wiki, Husni. Na mimi nilikuwa huku nasoma hitima ya mtu mzima.

Nimejiuliza ni kipi kinachouma. Matata kurudi kwao hakuniumi, ungeniambia ningempa mkono na foku ya kuanzia. Mlango wa Mutaho ungeniambia tungeufungua pamoja, jina la Athumani na miguu yako. Kinachouma ni kwamba nilikuonyesha jeraha nikidhani unatafuta dawa, kumbe unatafuta mahali pa kuchoma. Kila nilichokiandika umekitumia. Springi umekwenda kuzichukua kwa Mahmudu wa Gashoho, nimemuuliza, amesema alidhani umetumwa na mimi. Mama mgonjwa umemtumia. Hata pete zangu umezitumia. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikisoma tangu utoto kama maneno ya khanga.

Na kaburi la uongo ulilonichimbia, hilo kwenye vyumba vyako vinne linaingia chumba gani?

Atelye nimeifunga kabisa tangu Jumatatu.

Zaituni


Gitega, 15 Novemba 1998

Shangazi mpendwa,

Assalaam alaikum warahmatullah. Mtoto anacheka sasa, amekifurahia kitambaa. Kulthumu anakusalimu, hajui kuhusu mambo haya na naomba abaki hivyo.

Barua yako nimeisoma kwa huzuni. Sitasema sina kosa lolote. Nilikusudia kukuambia tukishasimama vizuri, nilitaka nikuletee habari njema iliyokamilika. Ulipouliza kuhusu Matata nilishikwa, sikujua niandike nini, na neno moja likavuta jingine.

Lakini naomba utazame jambo hili kwa utulivu, kama tulivyofundishwa. Uliandika mwenyewe kwamba atelye imesimama juu ya mtu mmoja ambaye angeondoka siku akipata mlango. Mlango ule angempa mtu, kama si mimi mwingine. Uliandika mwenyewe kwamba Mutaho hakuna fundi. Mipaka inasemekana itafunguliwa mwakani, malori yatarudi, nafasi kama hii haimsubiri mtu. Mwalimu alisema nafasi si mali ya aliyeiona, ni mali ya aliyeifikia. Mimi nina mke na mtoto, na nina miaka thelathini na moja. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kusaidiwa.

Mambo yakitulia nitakutumia sehemu yako, kila msimu, nakuahidi.

Mwanao,
Husni

Tena: Matata anakusalimu sana. Anauliza ile rangi mliyokuwa mkizipaka foku uani, kabla ya pete nyeupe, ilikuwa rangi gani? Anasema alikuwa anakupa foku ikiwa moto na inarudi kesho yake. Hapa anazitia majini ili ziondoke siku ileile, wateja ni wengi. Lakini wengine wanasema foku za Muyinga zilikuwa na kitu. Ukikumbuka jina la rangi niandikie upesi, tafadhali.


Muyinga, 18 Novemba 1998

Husni,

Assalaam alaikum. Salamu ni haki ya kila Muislamu, na wewe umo.

Habari za nyumbani sikuulizi na zangu sikupi. Barua yako imefika jana, na hii inaondoka leo asubuhi. Nimeisoma mara moja, halafu mistari ile ya mwisho nikaisoma mara nne.

Hakuna rangi.

Foku ikitoka motoni, Matata alikuwa anaiweka juu ya sinia la chuma mbele ya pazia la uani. Hajawahi kuvuka pazia lile katika miaka kumi na moja, kwa kuwa yeye si ndugu yetu na ana adabu zake. Mimi au Raissa tunaichukua kwa koleo, tunaizika kwenye shimo la majivu ya jikoni, majivu yenye moto bado, tunaifunika juu yake na majivu mengine, na haitoki mpaka kesho asubuhi. Chuma cha springi kina hasira. Ukikipoza polepole kinatulia, kinakuwa kigumu na bado kinainama kidogo kikielemewa. Ukikitia majini kinakuwa kigumu kama kigae, na kama kigae kinavunjika, bila kupinda kwanza, bila kumpa mtu onyo. Athumani aliligundua hilo baada ya foku yake ya tatu, na aliyeumia siku hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Kovu la kidevuni ulikuwa unaliona. Pete nyeupe tulikuwa tunazipaka baada ya majivu. Hiyo ndiyo rangi aliyoijua Matata.

Hukuniambia ngapi zimevunjika. Nimemuuliza Houssein. Akaangalia viatu vyake, halafu akasema: "Tatu, mama. Mbili watu walianguka vizuri. Ya tatu ni Amissi wa Ryansoro, alikuwa anashuka na magunia ya maharage. Iko hospitali, taya imevunjika, meno ya mbele yote iliisha." Wewe uliniandikia kwamba wateja wanasema foku za Muyinga zilikuwa na kitu.

Ningeweza kunyamaza. Sitakudanganya, nimelifikiria, na nimelifikiria kwa raha. Mwezi mmoja tu wa kimya changu na Mutaho nzima isingekuwa na mtu wa kukusalimu. Lakini anayeshuka mlima ule na mzigo hajui kuna Husni. Ameona pete mbili, ameziamini, na pete ni zangu. Nisiponena, atakayemvunja Amissi wa pili ni mimi.

Basi sikiliza. Leo hii funga milango yako yote miwili. Matata aende sokoni asimamishe kila baiskeli yenye foku iliyopitia majini, na kila foku ikatwe vipande mbele ya mwenyewe, arudishiwe mpya iliyozikwa. Amissi mwendee hospitali kwa miguu yako, siyo kwa mtu. Na pete zangu zifute. Tafuta alama yako mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini majivu hayakuwa kwenye karatasi. Utadhani nilikuficha, kwamba nilikuwa mjanja. Laiti ningekuwa mjanja! Nilikusudia kukuambia kila kitu, ndiyo maana nalia. Kwangu majivu yalikuwa kazi ya jikoni, kama kuosha sufuria, sikujua kwamba kazi ya jikoni inaandikwa kwenye chumba cha nguvu. Na wewe, Husni, ulikuwa mwanamume pekee niliyemruhusu kuvuka pazia lile, kwa kuwa ni mtoto wa kaka yangu. Miaka miwili ulikuwa unapita kando ya shimo lile kila asubuhi ukienda kunawa uso. Siku moja uliingiza mguu ndani, ukaungua, nikakupaka asali. Hukuuliza kwa nini nazika vyuma.

Sasa unayo yote. Sehemu yangu ya kila msimu usinitumie. Raissa ameanza kushika moto mwenyewe, Houssein amemkuta amefunga kilemba cha baba yake kichwani. Foku yake ya kwanza ilipinda vibaya. Ya pili imepinda kidogo.

Usiniandikie tena, mpaka Amissi aweze kutafuna.

Jina langu mwachie mtoto, hilo sikudai. Ila akikua akakuuliza Zaituni alikuwa nani, usimchoree vyumba. Mwambie ni mwanamke wa Muyinga ambaye kila ulichomuuliza, alikujibu.

Zaituni,
mjane wa Athumani